Nyumba ya Magogo Aliyoilinda Norris Brekke

Kwa miaka ishirini na miwili niliyofanya kazi kwenye ranchi ya akina Brekke, sikuwahi kuingia katika nyumba ya zamani. Hakuna aliyeingia. Ilikuwa bondeni kando ya Kijito cha Sorrel, nyumba ya magogo ya chumba kimoja, aliyoijenga babu yao alipokuja Montana kuchukua ardhi. Norris Brekke alikuwa ameizungushia seng'enge ya nyuzi tano. Ng'ombe hawakupita pale. Wawindaji waliokuja mwezi wa kumi kuomba ruhusa ya kuwinda kulungu waliruhusiwa kila mahali isipokuwa bondeni. Mlio wa bunduki ukisikika upande ule, Norris aliacha alichokuwa akifanya, akarukia pikapu, akaenda kuwafukuza huku uso umemparara.

Watu walisema mengi. Wengine walisema ni mkono wa birika, anaogopa dada yake asije akadai chake. Wengine walisema amezika kitu cha baba yake. Mwenye duka la malisho alikuwa na hakika kwamba mle ndani kuna mwanamke, na kila nikienda kununua chumvi ya ng'ombe aliniuliza kama huyo bibi hajambo. Mimi nilicheka tu. Nilimjua Norris kuwa mtu mpole ambaye hakuoa, aliyekula viazi vya kuchemsha karibu kila jioni, na aliyezungumza na farasi zaidi ya alivyozungumza na watu. Majira ya baridi, wakati majirani wote wanawapelekea ng'ombe majani kwa trekta, yeye aliwafunga farasi wake Pete na Dolly kwenye gari la mbao la kuteleza juu ya theluji. Trekta linatikisa ardhi, alisema. Nilidhani ni utani.

Dada yake ndiye aliyekata seng'enge ile. Ardis alikuwa mkubwa wake kwa miaka saba, naye alizaliwa ndani ya nyumba ile kabla familia haijajenga nyumba kubwa kule juu barabarani. Aliolewa, akahamia mjini Billings, mume akafa, na alipofika miaka themanini kasoro mmoja akauza kila kitu akarudi na masanduku matatu. Baba yao alikuwa amemwachia Norris ranchi, naye Ardis akaachiwa nyumba ya zamani na ekari moja inayoizunguka. Ardis alisema anataka kulala humo kabla theluji haijashika. Norris akamwambia haikaliki, magogo ya chini yameoza. Ardis akasema hilo analijua, ndiyo maana ameshapata mafundi wa mjini wenye mashine ya kuchimbia. Watang'oa sakafu na kumwaga zege.

Nilikuwepo jikoni siku hiyo. Norris aliweka kikombe chake mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka yai.

"Mashine haiji," alisema. "Nitaitengeneza mwenyewe. Mimi na Verlin huyu." Alinionyesha kwa kidevu.

"Kwa umri huo?"

"Huu huu."

"Haya bwana. Ila ukinizungusha mpaka mwezi wa kumi na moja, naita mashine. Sina muda wa kungoja, mdogo wangu. Wenzangu niliosoma nao wote wameshazikwa, na aliyebaki ndiyo yuko njiani."

Basi tukaanza mwezi wa nane. Nimetengeneza mabanda na mazizi mengi katika maisha yangu, lakini sijafanya kazi kama ile. Tuliondoa kwanza udongo wa paa, ndoo kwa ndoo, tukaumwaga mbali. Kisha tukaweka jeki nne kwenye pembe ili kuinua nyumba na kutoa magogo yaliyooza. Mtu mwingine angeinua kwa siku moja. Norris alizungusha kila jeki robo mzunguko, akaenda kwenye nyingine, akasikiliza, halafu akasema yatosha mpaka kesho. Nyundo ya chuma alinikataza. Tulitumia ya mbao, nayo aliifunga gunia. Msumeno ulikuwa wa mkono. Na ndani, kwenye kona ya mashariki, aliweka fito mbili juu ya mbao za sakafu akaniambia pale pameoza, nisikanyage kabisa.

Nikasema kama pameoza si tung'oe? Akasema pale tutamalizia. Nilimwona jinsi alivyopita mbali na ile kona, ubavu ukisugua ukuta wa pili, na nikaanza kuogopa bila kujua ninaogopa nini. Ukifanya kazi na mtu anayeogopa, hofu yake inakuambukiza. Nilianza kutembea kwa ncha za vidole kama yeye. Nilianza kuota ile kona.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa Norris alikwenda mnadani kuuza madume, nami nikabaki kuweka fremu ya dirisha. Upepo wa kule kwetu hauna adabu. Nilikuwa nimeinua fremu kifuani ulipokuja kwa nguvu kupitia tundu la dirisha, ukanisukuma kinyumenyume. Nikapiga hatua moja, ya pili, fito ikabiringika chini ya kisigino, na ubao ukakatika. Mguu wangu wa kulia ukazama mpaka gotini.

Kisigino kilitua juu ya kitu. Hakikuwa udongo. Kilikuwa kitu kilichobonyea kidogo, kama kifuniko cha mbao laini.

Nikaitua fremu kando polepole, nikainama, nikachungulia pembeni ya goti. Chini ya sakafu kulikuwa na shimo la kuhifadhia viazi, la zamani, na ndani yake sanduku la mbao. Kifuniko kilikuwa kimepanda juu ya vijiti vilivyofungwa karatasi. Mbao za ubavuni zilikuwa zimelowa mafuta, zimekuwa nyeusi, na kwenye maungio palikuwa na chembe nyeupe zinazometameta kama chumvi juu ya nyama ya kukausha. Mtu yeyote aliyekulia kwenye ranchi anajua ni nini. Ni baruti ya kupasulia visiki na mawe, waliyoitumia wazee kuchimba mifereji. Ikiwa mpya ni salama vya kutosha. Ikizeeka hutoa jasho, na jasho hilo halihitaji moto. Mtikisiko unatosha.

Na buti langu lilikuwa juu yake.

Sijui nilikaa vile kwa muda gani. Paja likaanza kutetemeka, nikalishika kwa mikono miwili, nikaliambia litulie, maana kama paja linatetemeka na kisigino nacho kinatetemeka. Nikafungua kamba za buti. Nikalegeza moja moja. Kisha nikavuta mguu kutoka ndani ya buti, kidogo kidogo, soksi ikakwama, nikaiacha, na mguu mtupu ukatoka. Buti likabaki limesimama juu ya sanduku. Nikatambaa mpaka mlangoni, nikafika kwenye majani, nikalala chali.

Norris aliporudi mchana alinikuta nimekaa kando ya kijito, mguu mmoja hauna kiatu. Hakuniuliza nimefanyaje. Aliuangalia ule mguu, akakaa chini.

"Kifuniko kimepasuka?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa akijua.

Alinieleza yote bila kuniangalia. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yao, Mzee Halvor, alikuwa amemaliza kupasua mawe ya mfereji, akabaki na nusu sanduku, akamtuma Norris aende kulichoma mbali, kule kwenye changarawe. Ilikuwa Jumamosi, kuna dansi shuleni, na wenzake wanamsubiri barabarani gari likinguruma. Akalitia lile sanduku kwenye shimo la viazi, akapigilia ubao, akasema moyoni kesho. Usiku ule baba akamuuliza, umechoma? Akajibu ndiyo. Mzee Halvor alikuwa mtu wa kuuliza jambo mara moja tu. Kesho ikawa keshokutwa, na jinsi siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema. Alipokwenda kulitoa baada ya miaka miwili, tayari lilikuwa limelowa. Akarudishia ubao, akaweka seng'enge.

"Kila kiangazi kikichachamaa," alisema, "nalala nasikiliza."

Miaka hamsini na mitatu alilala anasikiliza.

Nikamwambia lazima tupige simu polisi. Akasema anajua, na anajua pia watakachofanya. Kule kwa jirani mmoja ng'ambo ya mto walikuta mfano wa hii ndani ya ghala, na wataalamu walipokuja walisema kitu kama hicho hakihamishwi, kinalipuliwa pale pale kilipo. Ghala likaenda lote. Nyumba ya Ardis, ambayo ndiyo kwanza imepata magogo mapya, ingekuwa vibanzi.

"Basi tumwambie mwenye nyumba," nikasema.

Alimwambia yeye mwenyewe, jikoni, amesimama, kofia mkononi. Ardis alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akimenya tufaha, kisu kikasimama.

"Kumbe ni baruti," alisema. "Nimekusingizia mwanamke miaka yote hii. Ningeona heri mwanamke."

Akanyanyuka akapiga simu yeye. Polisi wa wilaya akamwambia mtu yeyote asikaribie, na kwamba wataalamu watafika keshokutwa asubuhi. Ardis akauliza kama wanaweza kulitoa. Nilimwona akisikiliza jibu. Akaweka simu, akarudi kwenye tufaha lake.

"Wanasema sanduku halihamishwi," alisema. "Sawa. Nyumba inahamishwa."

Norris akasema hapana. Akasema heri nyumba iende.

"We Norris, hiyo nyumba ni ya nani? Tena tayari iko juu ya jeki. Shule yetu ilihamishwa mara mbili kwa farasi, na mara ya pili mwalimu alikuwa ndani anakunywa kahawa. Wewe na Verlin mnaiteremsha kwenye magogo ya kuburutia, mimi naendesha farasi."

"Ukifa je?"

"Nitakuwa mbali hatua mia mbili, mwisho wa waya wa kuvutia. Wewe ndiye utakayekuwa chini ya nyumba. Jiulize mwenyewe."

Nilitaka kukataa. Nilikuwa na maneno kabisa ya kukataa, lakini Norris aliniangalia akasema Verlin haendi, atafanya peke yake. Na mimi nilijua jeki nne hazishushwi na mtu mmoja, nyumba italala upande, itateleza, na mwisho ni ule ule. Nikasema nitakwenda. Usiku ule sikulala.

Kesho yake kulipopambazuka kulikuwa na umande ulioganda. Norris alikuwa na wasiwasi kama baridi inazidisha hatari au inapunguza. Sote hatukujua. Tuliingiza magogo mawili marefu ya msonobari chini ya nyumba, moja kila upande wa shimo, ncha zake tumezichonga kama ncha za mtumbwi, chini yake tumepanga mbao tulizozipaka grisi. Kwa mbali, kule mteremko unakoelekea, waya ulipita kwenye kapi lililofungwa kwenye mti mkubwa, ukaenda mpaka kwa Pete na Dolly. Ardis alisimama nyuma yao, kofia ya Norris kichwani, hatamu mikononi. Alionekana mdogo kama ndege.

Kabla ya kushusha jeki lilikuwapo jambo moja. Ubao nilioukata kwa mguu wangu ulikuwa umening'inia chini, na buti langu bado limesimama juu ya sanduku. Nyumba ikishuka, ule ubao ungeshuka nao ukagandamiza buti, na buti likagandamiza kifuniko. Norris alilala kifudifudi juu ya sakafu, akaingiza mkono kwenye tundu lile. Mimi nilimshika miguu. Kwanza alitoa buti. Aliliinua wima, taratibu, mpaka likatokeza, akalisukuma pembeni bila kulitazama. Kisha akatoa kisu cha mfukoni akaanza kuukata ubao, uzi kwa uzi, huku mkono wa pili umeshika kile kipande kisidondoke. Nilisikia kisu kikikwaruza. Nilisikia pumzi yake. Jasho lilimtoka puani likadondoka shimoni, na alipoliona tone likitua juu ya kifuniko akaacha kukata, akafumba macho, akasubiri. Halafu akaendelea. Kipande kilipoachia alikuwa nacho mkononi. Akanipa.

Tukashusha. Yeye pembe mbili, mimi pembe mbili. Robo mzunguko, tunahama, robo mzunguko, tunahama. Jeki moja ilikuwa na kutu, ilipiga kelele kama mtoto wa nguruwe, na kila ilipolia nilikunja shingo, ingawa kukunja shingo kungenisaidia nini? Norris alikuwa akilala chini kila mara kupima kwa vidole nafasi kati ya sakafu na sanduku. Vidole vinne. Vitatu. Kwenye viwili, uzito wa nyumba ukaketi juu ya magogo kwa mguno mzito. Tukakaa tumeinama, hatuangaliani. Hakukutokea kitu.

"Nenda kwa Ardis," aliniambia. "Mimi nitaangalia hapa."

Nikaenda. Sitasema nilitembea. Nilipogeuka alikuwa amepiga magoti kando ya gogo la mashariki, uso karibu na ardhi, mkono mmoja umeinuliwa juu. Akaushusha.

Ardis hakuwapigia kelele wale farasi. Aliwaita majina tu, kwa sauti ya chini, kama anayewaita kula. Wakaegemea kamba zao. Waya ukanyanyuka kutoka kwenye majani, ukanyooka, ukaanza kuimba. Nyumba haikwenda popote. Pete akachimba udongo kwa kwato. Ardis akawaita tena, na mimi nikaona ukuta ukitikisika, na nikasema moyoni, sasa ndiyo sasa.

Ikasogea. Iliteleza kiasi cha hatua moja, ikasimama, ikateleza tena. Norris alikuwa akitambaa kando yake kama anayemtembeza mgonjwa, mkono juu, mkono chini, na sisi tukavuta na kusimama kwa mkono wake. Sehemu ya mwisho ya sakafu ilipopita juu ya shimo, tuliona jua likiingia mle kwa mara ya kwanza. Norris alibaki amepiga magoti pale ukingoni. Nyumba ilikuwa inakwenda zake mteremkoni, na yeye anatazama sanduku. Ardis ilibidi amwite mara tatu.

Tuliiburuta hatua mia na themanini, mpaka nyuma ya kilima kidogo. Kioo kimoja tu kilipasuka.

Wataalamu walipofika kesho yake wakakuta shimo peke yake uwanjani, na alama za magogo kwenye majani, mkubwa wao alitutukana sote watatu, Ardis akiwa wa kwanza. Alikuwa na haki. Kisha wakatuweka barabarani, maili nzima, wakafanya kazi yao. Mlio ulipokuja ng'ombe wote wa bonde lile walikimbia. Udongo ulipanda juu kuliko miti. Norris alikuwa ameketi ndani ya pikapu, mikono juu ya magoti. Aliposikia mlio alitoa pumzi, akaendelea kuitoa, nikadhani haitaisha.

Ardis alitaka kuliona shimo. Jioni waliporuhusu tukashuka naye. Palikuwa na bakuli la udongo ambalo ungeweza kuficha pikapu ndani yake. Alisimama ukingoni muda mrefu, midomo inatembea, nami nikaona anahesabu.

"Kiangazi kile nilipokuja kusaidia kuvuna majani," alisema, "nyumba kubwa ilipojaa vibarua. Baba alinilaza huku bondeni. Mimi na mwanangu Rolf. Alikuwa na mwaka mmoja, anajifunza kutembea. Wiki nzima alikuwa akiruka juu ya mbao zile."

Norris alichuchumaa, akaokota bonge la udongo.

"Ulikuwa umeshaliweka?"

"Ndiyo."

"Na uliniona napeleka mtoto mle."

"Nilikuwa nakuja kila usiku," Norris alisema. "Nakaa nje, chini ya dirisha, mpaka asubuhi."

"Ulikaa nje ufanye nini?"

Ndipo nikaelewa seng'enge ile iliwekwa lini: mara baada ya kiangazi kile. Ardis aligeuka, akapanda mteremko peke yake, akakataa mkono wangu.

Nyumba tukaimalizia kule kule iliposimama. Dohani, jiko la chuma, udongo kwenye nyufa. Ardis alihamia wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Norris alimpasulia kuni, na alizipanga ukutani siku ambazo dada yake amekwenda mjini. Akirudi haulizi nani amezipanga. Ilikuwa hivyo mpaka siku moja alipowahi kurudi, akamkuta Norris na kuni kifuani, mimi nikiwa nimeshika mkokoteni. Alishuka garini na mfuko wake wa unga.

"Rolf ana miaka hamsini na miwili," alisema. "Ana wajukuu wawili. Sijamwambia kitu. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

Norris alisema atafanya hivyo Jumapili.

"Leo."

Tulipanda mpaka nyumba kubwa. Alivua kofia, akanawa mikono, akaifuta, akainawa tena. Alisimama mbele ya simu ya ukutani nikaona paja lake linatetemeka ndani ya suruali, naye akalishika. Nimemwona mtu yule akilala juu ya sanduku lile na kisu mkononi, na hakuwa na hofu kama ile. Alizungusha namba. Nikasikia simu ikilia mbali, mara nne, mara tano. Kisha nikasikia akisema jina la mpwa wake, akanyamaza, akalisema tena. Nikachukua kofia yangu nikatoka nje.